Kizingiti cha Roshani



Wapendwa wasomaji, juma hili twawaomba mtufuate hadi mahali ambapo wengi wetu hatujafika, na pengine hatutafika: ndani ya chumba cha meli kubwa ya kitalii, inayong'oa nanga Miami kuelekea visiwa vya Karibi. Tumfikirie abiria mmoja, mama mtu mzima, ambaye miguu imemwishia nguvu na sasa anatembelea kiti cha magurudumu. Yeye na mumewe wamedunduliza fedha kwa miaka mingi. Wamelipia chumba chenye roshani, chenye bei kubwa kuliko chumba kisicho na dirisha, kwa sababu moja tu: waketi pamoja alfajiri waitazame bahari. Mlango wa kioo unafunguliwa. Magurudumu ya mbele yanagonga kizingiti. Mume anatoka nje. Mke anabaki ndani.

Tusikimbilie kuwalaumu waunda meli. Kizingiti kile hakikuwekwa kwa ukatili. Meli si nyumba ya nchi kavu. Mlango unaotazama bahari hupigwa na mvua, upepo na rasharasha za mawimbi, na maji yakiingia ndani huleta hasara, pengine hata maafa. Ndiyo maana tangu zamani milango ya nje ya meli imejengwa ikiwa na ukingo ulioinuka kutoka sakafuni, na mikataba ya kimataifa ya usalama wa vyombo vya baharini hudai ukingo huo katika baadhi ya milango. Kwa mwenye miguu mizima, ni hatua moja asiyoikumbuka. Kwa aliyeketi kitini, ni ukuta. Kanuni za Marekani kuhusu majengo mapya ya nchi kavu huruhusu kizingiti cha mlango kisichozidi milimita 13 hivi. Kizingiti cha roshani melini mara nyingi hukipita kimo hicho mara kadhaa.

Wala kizingiti hakiko peke yake. Kiti cha magurudumu huhitaji mlango wenye uwazi wa sentimita 81 hivi, na nafasi ya duara yenye upana wa mita moja na nusu ili kigeuke. Roshani nyingi hazina upana huo, nazo zimekwisha kujazwa viti viwili na meza. Skuta ya umeme, ambayo ndiyo miguu ya wazee wengi huko Marekani, ni ndefu na haipindi kwa urahisi; wala hairuhusiwi kuachwa kwenye ushoroba, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kuwaokoa watu moto ukizuka. Isipoingia chumbani, haina pa kulala. Tena, hata akifika nje, ukingo wa roshani wenye kimo cha mita 1 au zaidi hukabiliana na macho ya mtu aliyeketi. Ukiwa wa chuma kitupu badala ya kioo, ataliona bati, hataiona bahari.

Je, hakuna dawa? Ipo, na imejulikana siku nyingi. Katika vyumba vilivyotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, meli nyingi huweka mlango mpana na njia ya mteremko juu ya kizingiti. Nyingine huinua sakafu ya roshani ilingane na ya ndani. Maji yanazuiwa, na mtu anapita. Hapo ndipo ilipo hoja yetu yote: sababu ya kuwapo kizingiti si sababu ya kukosekana mteremko. Usalama ukitajwa ili kumlinda abiria, tuuheshimu. Ukitajwa ili kufunga mazungumzo, tuuhoji.

Jambo hili lilifika mahakamani. Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu mwaka 1990, lakini meli nyingi za kitalii zinazotoka katika bandari zake hupeperusha bendera za nchi nyingine, kama vile Bahamas na Panama. Abiria wenye ulemavu waliosafiri kutoka Houston mwaka 1998 na 1999 waliishtaki kampuni moja, na miongoni mwa malalamiko yao zilikuwamo kingo hizo za milango. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ile yaweza kuzihusu hata meli za bendera ya kigeni, ziwapo katika maji ya nchi hiyo. Papo hapo ikasema kuwa meli haiwezi kulazimishwa kuondoa kizuizi iwapo kufanya hivyo kutavunja mikataba ya usalama. Twaona busara katika uamuzi huo. Bahari ilipewa haki yake, na nafasi ya kujificha nyuma ya bendera ikapungua.

Wako watakaosema: "Baba, hizi ni anasa za matajiri. Wako wasio na mkate." Ni kweli, na wenye njaa hatuwasahau. Lakini tujihadhari na fikra kwamba mwenye ulemavu anadai mengi mno anapotaka furaha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, hautaji hospitali na shule pekee. Unataja pia burudani, mapumziko na michezo. Aliyelipa nauli ya roshani hakuomba sadaka. Ameomba alichokinunua.

Torati ilimwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Maana yake ni kwamba mjenzi anawajibika kwa mwili wa mgeni kabla mgeni hajabisha hodi. Swali la magurudumu halipaswi kuulizwa siku ya safari. Linapaswa kuulizwa siku ya kuchora ramani, nalo aulizwe mwenyewe anayeketi kitini, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa wale wenu wenye ndugu ughaibuni wanaokusudia safari ya namna hii, twawashauri waulize mapema, tena kwa maandishi: kizingiti cha roshani kina kimo gani? Mteremko upo upande wa ndani tu, au na wa nje pia? Mlango una upana gani? Skuta italazwa na kuchajiwa wapi? Na mwenye miguu mizima asikichukue chumba kipana kwa kupenda nafasi tu. Huenda ndicho cha mwisho, na yuko mtu ambaye bila hicho hasafiri.

Nasi tusiokwea meli hizo, Jumapili hii tutazame chini tunapoingia kanisani. Tuhesabu ngazi za mlango mkuu, kisha twende kwenye ukumbi wa parokia, kwenye choo, na mahali pa kuungamia. Tukikuta kizingiti, tumtaje kwa jina yule ambaye siku hizi hatumwoni tena kwenye Misa.