Usivuke mto pekupeku, wala usivuke na buti

Likizo za shule zikifika, si familia zote siku hizi zinazokwenda mashambani kumwona nyanya. Kuna wanaokwea vilima vya Ngong, wanaotembea katika msitu wa Nyandarua, na vijana wa skauti wanaolala hemani siku mbili tatu wakiwa wamebeba chakula chao mgongoni.

Mzazi hununua sweta, koti la mvua na buti nzuri. Jambo analosahau ni kwamba njia hizo hukatwa na vijito na mito, na si kila mto una daraja. Mtoto akishafika ukingoni ndipo huanza kujiuliza atavuka vipi.

Wengine huvuka na buti zile zile. Buti la ngozi likilowa halikauki kwa usiku mmoja, hasa huko juu kwenye baridi. Kesho yake ngozi ya mguu iliyolainishwa na maji husuguana na soksi mbichi na malengelenge yakatokea. Mtoto aliyepaswa kutembea kilomita 10 akashindwa hata na 2.

Wengine hutupa viatu begani wakavuka pekupeku. Chini ya maji kuna mawe yenye ncha, miiba na vipande vya chupa. Tena maji yanayoshuka kutoka Mlima Kenya ni baridi mno, na mguu ukifa ganzi hauhisi unakanyaga nini. Kidonda cha wayo si kitu kikubwa nyumbani, lakini mkiwa mwendo wa siku nzima kutoka barabarani, ni nani atakayembeba huyo aliyekatwa?

Kuna pia wenye slipasi. Mkondo huivua mara moja, naye mwenyewe akaikimbilia asije akaipoteza. Hapo ndipo watu huanguka. Gambuti nazo zinafaa shambani, si mtoni. Maji yakipita juu ya shingo yake, gambuti hujaa, na kila lita moja ya maji ni kilo moja unayoiburura kwa mguu.

Basi tununue nini? Kiatu cha mtoni ni kiatu cha pili, kinachokaa ndani ya shanta hadi kihitajiwe. Kwa hivyo sharti kiwe chepesi. Mwombe mwenye duka mizani ukipime. Pea ikikaribia kilo moja, irudishe, kwa sababu mtoto ataichoka njiani na kuiacha kambini.

Pili, kiwe kinashika kisigino kwa ukanda au kamba. Tatu, kiyaruhusu maji kuingia na kutoka haraka, maana hakuna haja ya kuyazuia. Nne, soli yake iwe ya mpira wenye meno, na mbele kifunike vidole, kwani vidole ndivyo hugonga mawe kwanza.

Raba nyepesi za turubai, kama zile za michezo ya shuleni, zinaweza kufaa. Toa kitambaa kinene cha ndani kisinywe maji, na uzifunge kamba vizuri. Sandali za mpira zenye ukanda wa nyuma pia ni nzuri, mradi vidole viwe vimekingwa. Viatu vya povu vya aina ya Crocs ni vyepesi sana, lakini ukanda wake ukilegea mto utavichukua. Akala hazichakai upesi, ila nyingi ni nzito, na zikiwa zimekatwa kutoka gurudumu lililokwisha meno huteleza juu ya jiwe lenye maji.

Si lazima utumie fedha nyingi. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba na Toi, anayechagua kwa subira hupata. Ukifika nyumbani, mwaga maji kwenye sakafu ya saruji nje, umwambie mtoto avae kiatu hicho atembee polepole huku umemshika mkono. Kikiteleza hapo, mtoni kitateleza zaidi.

Siku ya safari, mfundishe kuvua buti na soksi akiwa bado ukingoni na kuvitia ndani ya mfuko usiopenya maji. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hivyo nunua mfuko maalumu unaotumika mara nyingi. Avuke na fimbo, uso ukielekea kule maji yanakotoka, na mkanda wa kiunoni wa shanta uwe umefunguliwa ili aweze kuitupa akianguka. Ng'ambo, apanguse miguu ikauke kabla ya kuvaa soksi kavu.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, kiatu hakipunguzi mto. Hakimfukuzi mamba wala kiboko. Pia hakizuii kichocho, kwani vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu juu ya kiatu, hasa katika maji yanayotembea polepole yenye konokono. Na maji yaendayo kasi yakifika magotini, hata mtu mzima hana budi kurudi.

Katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, vijana saba walikufa Aprili 2012 waliposombwa na mafuriko ya ghafla. Mwezi wa Septemba 2019, mafuriko kama hayo yakaua tena watu waliokuwa wakilitembelea. Maji ya namna hiyo huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, ilhali juu yako hakuna wingu. Hakuna kiatu kinachoshindana nayo.

Kwa hivyo, unapompa mwanao kiatu cha mtoni, mpe na ruhusa ya kutovuka. Mwambie waziwazi kwamba kurudi si aibu, hata kama wenzake wamekwisha kuvuka, na kwamba nyumbani hakuna atakayemcheka. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na huo ndio ushauri unaofaa kutangulia kiatu.