Asali ya Baringo: Urithi usio na nembo sokoni

MSAFIRI anayetoka Marigat kuelekea Kabarnet hulakiwa Koriema na chupa za asali zilizopangwa kando ya barabara. Nyingi ni chupa kuukuu za pombe au soda, zisizo na nembo wala tarehe. Mnunuzi hana ithibati ila neno la muuzaji.

Hapo ndipo ulipo utata wa soko hili. Watugen wamerina asali kwa vizazi vingi. Mizinga ya magogo hutundikwa juu ya migunga, nayo asali imekuwa chakula, dawa na kinywaji cha wazee katika sherehe za ndoa. Mizinga yenye vijiti vya kupangwa juu, iliyobuniwa nchini katika miaka ya 1970, iliwafungulia mlango wanawake ambao awali hawakukwea miti kurina.

Hata hivyo, malalamiko kuhusu asali iliyochanganywa na sukari husikika katika masoko mengi nchini. Wanunuzi hujaribu kuitambua kwa kuwasha kiberiti kilichochovywa ndani yake, au kuidondosha katika maji. Vipimo hivyo haviaminiki, kwani uzito wa asali hutegemea pia maua, hali ya hewa na kiasi cha maji yaliyomo. Uhakika hupatikana katika maabara.

Anayeumia zaidi ni mrinaji mwaminifu. Yeye husubiri masega yazibwe kwa nta, kwa kuwa asali inayovunwa mapema huwa na maji mengi na huchacha. Anapofika barabarani, chupa yake hushindana na ya aliyechemsha sukari jikoni, na mnunuzi mwenye shaka huwapunja wote wawili.

Suala la pili ni miti. Mathenge, uliopandwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kukabiliana na ukame, umevamia malisho. Mnamo 2006 wakazi waliishtaki serikali, wakamfikisha mahakamani mbuzi aliyepoteza meno. Lakini maua ya mti huo huo huwalisha nyuki. Kwa hivyo wanaoazimia kuung'oa hawana budi kuilinda migunga dhidi ya wachoma makaa, la sivyo nyuki watakosa pa kutua.

Sherehe za kuenzi ufugaji wa nyuki zina manufaa yake, ila hazitoshi. Vyama vya ushirika vikikusanya asali, vikaipima, vikaichuja na kuipakia katika chupa safi zinazotaja ilikotoka, mnunuzi atakuwa na sababu ya kulipa zaidi. Serikali ya kaunti nayo ingesaidia kwa kuleta huduma za upimaji karibu na wafugaji.

Wahenga walinena, fuata nyuki ule asali. Baringo wamewafuata nyuki kwa muda mrefu. Kilichosalia ni kuhakikisha kwamba aliyeumwa ndiye anayekula.