Coco Beach isije ikawekewa geti

 

Jumapili tulikwenda Coco, mimi na washkaji wawili wa hosteli. Bumu limeisha, mfukoni nauli na hela ya mihogo basi. Tulifika saa tisa, maji yamekupwa, vijana wanapiga mpira kwenye mchanga mgumu. Saa mbili usiku pale palipokuwa na magoli ni mawimbi tu! Jamani, kupwa na kujaa nilikariri kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, nikapata na vema. Kumbe nilikuwa sijui kitu, na huyu ndo mwalimu wenu mtarajiwa wa Jiografia...

Usiku ni Coco nyingine kabisa. Watoto na mama zao wanaondoka, unaingia muziki na moshi wa mishikaki, magari yanajipanga Toure Drive. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, wa Posta nao wanafika fasta. (Mihogo ya pilipili ni mitamu, ila michembe ya bibi bado inaongoza.)

Sasa rumeti wangu anasema pawekwe kiingilio ili wahuni wapungue. Tulibishana mpaka kwenye daladala. Mimi nimekulia Mwamapalala, maji mengi niliyoyajua ni ya lambo. Pale ng'ombe wa tajiri na mbuzi wawili wa mjane wanakunywa pamoja, hakuna anayekata tiketi. Hoteli nyingi za ufukweni huku Dar zinatoza mlangoni, sawa, ni biashara zao. Ila dada wa kazi mwenye Jumapili moja ya mapumziko aende wapi? Na bodaboda mwenye watoto watatu je?

Simu zinaibwa, ni kweli, na chupa za plastiki zinaudhi. Na bahari si lambo: nilipoingia maji ya kiunoni wimbi likanizoa, akanivuta dogo mmoja wa kama darasa la tano huku anacheka. Nilikunywa chumvi ya mwezi mzima. Kwa hiyo mkitaka kutumia hela, leteni waokoaji, taa na mapipa ya taka. Geti halimwokoi mtu asiyejua kuogelea, linamwacha nje tu.

Rumeti bado kanuna. Jumapili ijayo tunarudi, yeye ndo kasema atanunua mihogo. Anayekuja aje na nauli yake.