Danieli, mboga na minyoo ya Busia

Wengi wetu tukifungua Kitabu cha Danieli hukimbilia tundu la simba. Sura ya kwanza tunaipita haraka. Humo vijana wanne Wayahudi, mateka katika jumba la mfalme wa Babeli, wanakataa chakula na divai ya mfalme. Mkuu wao anaogopa: vijana hawa wakikonda, kichwa chake kitakuwa hatarini. Danieli hamwambii msimamizi aamini tu kwa kuwa wao ni watu wa Mungu. Anaomba siku kumi. Wao wapewe mboga na maji, wenzao waendelee na meza ya mfalme, kisha nyuso zilinganishwe.

Huo ni utafiti, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Nautaja kwa sababu bado wapo waumini wanaodhani kwamba kupima matendo ya huruma ni upungufu wa imani. Tumetoa kwa moyo safi, wanasema, mengine tumwachie Mungu.

Twende Busia. Katika miaka ya tisini shirika la Kikristo kutoka Uholanzi, ICS, lilikuwa likisaidia shule za msingi huko. Lingeweza kugawa misaada, kupiga picha na kutuma ripoti kwa wafadhili. Badala yake lilikubali misaada yake ipimwe. Wanauchumi wa vyuo vikuu vya Marekani, akiwemo Michael Kremer, walishauri kwamba kwa kuwa pesa hazitoshi shule zote kwa mara moja, shule zipokee kwa zamu, ili zilizotangulia zilinganishwe na zinazosubiri.

Walianza na vitabu vya kiada. Nani angebisha? Mtoto asiye na kitabu apewe kitabu, atafaulu. Matokeo yalipotoka, wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa kijijini, na mtoto wa katikati au wa mkiani hakuweza kuvisoma. Ni habari chungu kwa yeyote aliyewahi kuchangisha pesa za vitabu baada ya Misa.

Mwaka 1998 ikaja zamu ya minyoo. Kremer na mwenzake Edward Miguel walifuatilia shule 75 za tarafa za Funyula na Budalang'i, karibu na Ziwa Victoria, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Zilipangwa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilipata dawa mwaka huo, la pili 1999, la tatu likasubiri hadi 2001. Kusubiri huko hakunipendezi hata leo, ingawa najua kwamba bila mpango huo zipo shule ambazo zingesubiri bila tarehe yoyote.

Mtoto mwenye safura hupungukiwa damu. Anachoka, anasinzia, siku nyingine haji shuleni kabisa. Katika shule zilizopewa dawa, utoro ulipungua kwa takribani robo. Alama za mitihani hazikupanda, na watafiti walilisema hilo wazi. Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi. Minyoo huenezwa na kinyesi udongoni, na kichocho kupitia maji. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa huacha kuwachafulia wenzake uwanja na mto. Hata wanafunzi ambao hawakumeza dawa walionekana kupata nafuu, na shule za jirani pia. Yule mwanasheria aliyetaka kujua jirani yake ni nani angeweza kupelekwa Funyula.

Haki yadai niongeze kwamba hesabu hizo zilikaguliwa upya. Mwaka 2015 wataalamu wengine walichapisha uchambuzi wao na kuonyesha makosa kadhaa, hasa kuhusu faida kwa shule zilizo mbali. Takwimu walizotumia walipewa na Kremer na Miguel wenyewe. Wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa faida ya dawa hizi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa 2021, uliowafuata wanafunzi wale kwa miaka 20, ulionyesha kwamba waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na mapato ya juu kwa asilimia 13 kwa kila saa ya kazi. Kenya ilianza kampeni ya kitaifa ya dawa za minyoo shuleni mwaka 2009. Kremer alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Sijawahi kusikia askofu akialikwa kubariki kidonge cha minyoo. Darasa lina ukuta, na ukutani hukaa jiwe la msingi lenye jina la mfadhili.

Kuna tokeo moja la Busia ambalo ningependa lisomwe katika kila halmashauri ya parokia. Baadhi ya shule ziliambiwa wazazi wachangie kidogo gharama ya dawa, wastani wa senti 30 za dola kwa mtoto. Idadi ya watoto waliomeza dawa ilianguka kwa takribani asilimia 80. Wala si kweli kwamba waliobaki ndio waliokuwa wagonjwa zaidi. Tumezoea kusema katika mikutano yetu kwamba cha bure hakithaminiwi, na kwa msemo huo tunaweka ada ndogo kwenye zahanati, ada ndogo ya uji, ada ndogo ya hiki na kile. Kabla ya kuipitisha ada ijayo, mtu asimame aulize ni watoto wangapi itawafungia mlango.

Nanyi akina mama na akina baba wa Jumuiya Ndogo Ndogo, watafiti wakibisha hodi na maswali yao, wajibuni ukweli, si lile mnalodhani wanataka kusikia. Mna haki ya kukataa. Mna haki pia ya kuuliza, kabla ya kutia sahihi, ni nani atakayerudi kuwaeleza walichogundua, na lini. Vijiji vingi vimehesabiwa, vimetolewa damu na kinyesi, na havikusikia neno tena. Mtafiti akisema hana mahali pa kuwakusanya watu awape matokeo, mwambieni kanisa lipo na viti vipo.

Na siku ya dawa ikitangazwa shuleni, makatekista waisome pamoja na matangazo ya ndoa. Inachukua nusu dakika.