Nguo ya Kuazima Haisitiri Maungo



Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja wa hapa Kindu, asomaye mambo ya jamii katika chuo kikuu. Alituletea maandiko yake ya kumaliza masomo, akatuomba tumsahihishie lugha kabla ya kuyatoa kwa walimu wake. Habari yenyewe ilikuwa wanawake wauzao samaki katika soko la Kindu. Tulisoma kurasa tatu, tukapendezwa na ufasaha wake. Katika ukurasa wa nne tukakuta kwamba wanawake hao huwangojea wavuvi alfajiri ukingoni mwa ziwa. Tukamwuliza: “Mwanetu, hapa Kindu kuna ziwa gani?” Akainamisha kichwa. Kila mtoto wa kwetu ajua kwamba samaki wetu hutoka katika mto Lualaba. Kijana alikuwa amenakili kazi ya mtu mwingine katika simu, akabadili jina la mji tu.

Hatukumcheka. Twamjua mama yake, auzaye mawese ili minervali ipatikane. Twajua pia kwamba vitabu ni haba, na siku ya kutoa kazi ilikuwa imekaribia. Shida hiyo ni ya kweli, lakini haiugeuzi wizi kuwa haki. Amri ya saba yatukataza kuiba, na amri ya nane yatukataza kushuhudia uwongo. Aandikaye “nimeona” naye hakuona, huzivunja zote mbili kwa kalamu moja.

Tukumbuke tulikotoka. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu, Lovanium, kilifunguliwa na Wakatoliki mwaka 1954 huko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Tulipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vitatu kuwa kimoja, na masomo ya jamii yakawekwa Lubumbashi. Kijana wa Maniema aliyeyataka alipaswa kwenda mbali na kwao. Leo Kindu ina chuo kikuu chake. Soko analoliandika mwanafunzi li karibu naye, na wauzaji ni mama zake na shangazi zake. Mbona basi aende kuazima ziwa la wengine?

Alikuwako Mbelgiji mmoja, Jan Vansina, aliyekaa kati ya Wakuba wa Kasai katika miaka ya 1950 akiwasikiliza wazee. Hakumeza kila neno aliloambiwa. Alilinganisha masimulizi ya huyu na ya yule, akatafuta kila habari imepokewa kwa nani. Mwaka 1961 alitoa kitabu juu ya mapokeo ya mdomo, akaonyesha kwamba neno la mzee asiyejua kusoma laweza kupimwa kama ushahidi, kama vile waraka upimwavyo.

Basi tulimshauri kijana hivi. Kwanza, ashike swali moja dogo: muuzaji wa samaki hubakiwa na faida gani jioni? Pili, aende sokoni na daftari, awaulize wauzaji wa Kasuku na wale watokao Alunguli, ng’ambo ya mto, aandike tarehe na maneno yao. Tatu, asome vitabu, na kila wazo alilolipokea alitajie mwenyewe. Nne, atenge aliyoyaona na anayoyadhani. Mwisho, alijibu swali lake, hata kama jibu ni fupi.

Juzi amerudi. Kikao cha kwanza cha mitihani kimempita, naye atangoja cha pili. Mama yake hakufurahi kusikia hivyo. Kurasa zake ni chache, na lugha yake si laini kama ile ya kwanza. Lakini ndani yake mama mmoja wa Alunguli ahesabu nauli ya mtumbwi, ushuru wa soko na samaki waliooza, hata twaona wazi kwa nini arudi nyumbani na fedha kidogo. Sisi tuliokula samaki hao miaka yote hatukuwahi kumwuliza.

Ninyi wazazi, mtoto akirudi kutoka chuoni, msimwulize tu, “Umemaliza?” Mwulizeni pia, “Umemsikiliza nani?”