Haikufika, au Hukuitafuta?

Liko neno moja maofisini ambalo, kama ningekuwa na madaraka, ningelipiga marufuku. Neno lenyewe ni "haikufika". Unaandika barua pepe, unangoja majuma mawili, unaulizia, unajibiwa haikufika. Mazungumzo yamekwisha, na mzigo unarudi nao wewe uliyeandika. Zamani karani wa masijala alilazimika angalau kufungua daftari la barua zilizoingia na kupitisha kidole mstari kwa mstari. Wa leo anatupia jicho kioo cha kompyuta, anatikisa kichwa.

Sisi wa Msangano hupewa na nyongeza: "Mzee, utakuwa ni mtandao wa huko kwenu." Ni kweli mtandao wetu una siku zake. Lakini, ndugu msomaji, mtandao mbovu hauli barua. Isiyoondoka hubaki kwa mwandishi, inangoja kutumwa. Ikiondoka ikakataliwa huko iendako, kwa kawaida hurudishwa na maelezo. Yangu haikubaki wala haikurudi. Ilikuwa na orodha ya magunia ya ufuta ya kikundi chetu, watu waliohitaji fedha za mbegu na trekta kabla ya mvua za Novemba. Nikalipa nauli mpaka Tunduma, nikaonyesha kwenye simu tarehe na saa niliyoituma. Nikaambiwa: itume tena!

Hivi kuitafuta kungegharimu nini? Programu hizi za barua zinazokaa ndani ya kompyuta ya mezani, Outlook, Thunderbird na jamaa zake, ni dirisha tu. Barua hufikia kwanza kwenye seva. Basi jambo la kwanza ni kufungua kikasha hichohicho kwa kivinjari cha intaneti, bila kupitia programu. Ukiikuta huko, barua imefika na ubovu uko mezani pako. Pengine mtu alibonyeza kichujio kinachoonyesha barua zisizosomwa peke yake. Pengine programu inapanga barua kwa mazungumzo, na hii mpya imejificha chini ya kichwa cha habari cha mwaka jana. Au kuna kanuni aliyoiweka karani aliyehama, inayopeleka kila barua yenye neno fulani kwenye folda isiyofunguliwa na mtu. Folda ya barua taka sina haja ya kuitaja, ingawa wapo wasioifungua kamwe.

Usipoikuta kwenye seva, uliza swali la pili: nani mwingine anafungua kikasha hiki? Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Utaratibu wa kuchukua barua uitwao POP, ambao kanuni za toleo lake la tatu zilichapishwa mwaka 1996 na bado zinatumika, ulifikiriwa kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja. Huteremsha barua na, usipouagiza uache nakala, huifuta kwenye seva. IMAP huziacha barua palepale ili kila kompyuta izione. Ofisi yenye anwani moja na kompyuta mbili zinazotumia POP ni kama sanduku la posta lenye funguo mbili: anayewahi hubeba zote.

Ndivyo ilivyokuwa. Barua yetu ilifika siku ileile, ikachukuliwa na kompyuta mpakato ya mkubwa wa ofisi, ikatembea naye ndani ya mkoba. Aliyeniambia si ofisi, ni kijana anayewatengenezea mashine.

Simlaumu karani peke yake. Namlaumu aliyeunganisha mashine ya pili bila kuweka alama kwenye kile kisanduku cha kuacha nakala, na watengenezaji waliokizika kisanduku hicho ndani ya kurasa za mipangilio ambazo karani hatazifungua maisha yake yote. Lakini karani naye ana deni. Angeweza kusema "sijaiona". Neno hilo linamhusu yeye, nalo linamwachia kazi ya kuendelea kutafuta. "Haikufika" linanihusu mimi, linanifanya mzembe au mwongo mbele ya wanakikundi wenzangu, na yeye anakwenda kunywa chai.

Fedha za ufuta zililipwa mvua zikiwa zimekwisha kuanza, na trekta limekwisha kukodiwa na wengine. Ofisi ile hadi leo ina anwani moja na kompyuta mbili.