Refa akisimamisha pigano, tusimzomee

Hakuna jambo linalomuudhi shabiki wa ndondi kama refa kusimamisha pigano la ubingwa ilhali mpinzani angali amesimama kwa miguu yake. Ukumbi hulipuka kwa mbinja na refa huitwa mwizi. Hapa Nakuru, mji uliolea mabondia tangu zamani katika ukumbi wake wa Madison Square Garden, naielewa hasira hiyo. Hata hivyo, kama daktari, naiogopa.

Wazee wetu wanamkumbuka Philip Waruinge, bondia wa Nakuru aliyetwaa shaba katika Olimpiki ya 1968 pamoja na kombe la Val Barker, lililotunukiwa bondia stadi kuliko wote, kisha fedha mwaka 1972. Alipogeukia ndondi za kulipwa nchini Japan, aliwania ubingwa wa dunia wa WBC mara mbili mwaka 1976: Aprili dhidi ya Rigoberto Riasco nchini Panama, na Novemba dhidi ya bingwa Carlos Zarate nchini Mexico. Siku hizo taji lilipiganiwa kwa raundi 15. Hakuna hata pigano moja kati ya hayo lililofika mwisho. Zarate alimmaliza katika raundi ya nne. Kushindwa namna hiyo huuma, lakini aliyeshindwa hurudi nyumbani.

Robert Wangila hakurudi. Huyu ndiye Mkenya pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, mjini Seoul mwaka 1988. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, refa alisimamisha pigano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba bado alikuwa na nguvu za kuendelea. Muda mfupi baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, alipoteza fahamu. Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa damu iliyoganda kichwani, lakini akafariki tarehe 24. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Msomaji atauliza: mtu anawezaje kubishana na refa, kisha azirai? Jibu ni hili. Ubongo ni laini, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu gumu. Ngumi inayozungusha kichwa ghafla huufanya ubongo ubaki nyuma kidogo, na mishipa midogo ya damu inayouunganisha na utando wa juu huchanika. Damu huanza kuvuja polepole. Kwa dakika kadhaa, pengine saa nzima au zaidi, bondia huongea na kutembea kama kawaida. Nafasi ndani ya fuvu ikijaa, ubongo hubanwa, na hapo ndipo huanguka. Kwa hivyo bondia mwenyewe si shahidi wa kuaminika wa hali yake. Wala glavu si kinga ya ubongo. Kazi yake kubwa ni kulinda mifupa ya mkono unaopiga.

Ulimwengu wa ndondi umewahi kujifunza kwa msiba. Mwaka 1982 Duk Koo Kim wa Korea Kusini, aliyekuwa mpinzani wa bingwa Ray Mancini, aliangushwa katika raundi ya 14 na kufariki siku chache baadaye. WBC ikapunguza mapigano ya ubingwa hadi raundi 12. Lakini raundi 12 za dakika tatu ni dakika 36 za kupigwa kichwani, na sheria pekee haizibi mshipa uliochanika.

Basi ningependa tukubaliane mambo machache. Kengele isipigwe mahali popote katika Bonde la Ufa kama hakuna ambulensi nje ya ukumbi na hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo iliyoarifiwa mapema. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, na damu ikivuja haingoji lori zipishe. Daktari wa ulingoni awe na uwezo wa kusimamisha pigano bila kuomba ruhusa ya promota.

Nanyi jamaa na makocha, msimwache bondia aliyepigwa sana alale peke yake usiku huo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, ulimi mzito, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine au udhaifu wa upande mmoja ni dalili za kumkimbiza hospitali mara moja. Msimpe aspirini, kwani huzidisha kuvuja kwa damu. Aliyeangushwa kwa nokauti asivae glavu kwa muda usiopungua mwezi mmoja, hata mazoezini, na arudi baada tu ya kupimwa na daktari.

Sisi mashabiki nasi tuna wajibu. Refa anayesikia ukumbi mzima ukimzomea leo atasita kesho, na sekunde kumi za kusita zinatosha kwa ngumi moja zaidi. Taji hupiganiwa tena mwaka ujao. Akisimamisha, tumpigie makofi.